Oili Nzito kwa Watu Wazito

Napenda kuutaarifu umma kwamba mwezi wa saba mwaka huu, magari yote yaliyo chini ya ofisi yetu, kutoka Karatu mjini hadi ukingo wa kreta, lile shimo kubwa la volkano, yalipangiwa oili kwa kufuata vyeo.

Uamuzi huo wa kihistoria ulifikiwa na Ofisi ya Uratibu wa Vilainishi, ambayo mimi, Adrian, ndiye katibu wake. Mratibu Mkuu wetu, Mheshimiwa Josephati, alikuwa ametoka semina ya siku nne. Alirudi na mkoba mpya, kalamu sita na habari moja: oili nyepesi hupunguza ulaji wa mafuta, na oili nzito huilinda injini ikaishi miaka mingi. Mtu wa kawaida angeuliza gari gani linataka ipi. Mheshimiwa hakujishusha kiasi hicho.

"Oili nzito ni ya watu wazito," alitamka, na wajumbe kumi na mmoja tukapiga makofi mpaka chai ikamwagika. "Gari la mkubwa lazima lidumu. Gari la mdogo libane matumizi."

Utafiti ulifanyika palepale. Tuliegemeza sinia ukutani tukamimina oili mbili kwa pamoja. Ile nyepesi iliwahi kufika chini, ikaonekana haina nidhamu. Ile nzito ilishuka taratibu, kama mgeni rasmi anayeelekea meza kuu. Kikao kikafungwa kwa sala.

Hivyo gari jipya la Mheshimiwa likapangiwa oili nzito kuliko zote zilizopatikana Karatu, ile ya giaboksi za matrekta. Gari la wagonjwa, ambalo limetembea kilomita laki nne na nusu, likapangiwa nyepesi kama maji ya kunawa.

Tatizo pekee lilikuwa fundi Nashipai, mwenye gereji inayohudumia magari yetu. Mama huyo aliusoma waraka wangu, akajifuta mikono kwa tambara, akaanza kucheka. Nikamsubiri amalize. Hakumaliza upesi.

"Katibu, mnataka kuua magari mawili kwa karatasi moja?"

"Fundi, hilo ni swali au ni pingamizi?"

"Nisikilize, kaka. Injini mpya vyuma vyake vimebanana. Inataka oili nyepesi ipenye haraka, na mafuta inakunywa kidogo. Hii ya wagonjwa vyuma vimeshalegea, inataka nzito kiasi ijaze nafasi. Ukiipa hayo maji yenu, itabana matumizi kweli, maana haitatembea tena."

"Waraka unasema vingine."

"Basi waraka uje umwage oili wenyewe."

Nikamkumbusha madaraka yangu. Hapo kicheko kikamkatika.

"Lile gari linaleta akina mama wanaojifungua kutoka ng'ambo ya kreta," alisema. "Likinoki likazimika kule mlimani, mkunga atakuwa fisi. Andika jina langu hapo. Andika: Nashipai amekataa."

Nikaandika. Yeye akalitia gari la wagonjwa oili aliyoitaka, akamkabidhi dereva Metui ufunguo, na Metui akaondoka kasi kabla hatujaitisha kikao. Saa sita mchana tulifika wajumbe wote kumi na mmoja, tukaifunga gereji kwa utepe wa njano, mafundo saba, tukapiga picha. Nashipai alikaa juu ya tairi kuukuu ng'ambo ya barabara, mikono kifuani, macho kwenye mlango wake. Ana vibarua wawili na wazazi wanaomtegemea. Nilihisi kitu kifuani, nikakihesabu kuwa ni kiungulia.

Oili ya Mheshimiwa tuliimimina sisi wenyewe. Ilipogoma kushuka tuliisukuma kwa kijiko.

Jioni hiyo mimi na Mheshimiwa tukapanda hadi ukingo wa kreta kwa ajili ya uzinduzi wa mpango wetu kesho yake, tukalala huko juu. Kulipokucha, ukungu ulikuwa mzito na baridi inauma meno. Stata ikalia nge, nge, kama mzee anayeamshwa bila sababu. Mwishowe gari likawaka, na taa nyekundu ya oili ikawaka nalo.

"Mheshimiwa, hiyo taa..."

"Hiyo ni ya heshima, Adrian. Twende."

Kilomita tatu mbele injini iligonga mara tatu, kama mtu anayebisha hodi, halafu ikanyamaza. Oili ilikuwa bado imekaa chini, haijapanda kokote. Simu hazikushika mtandao. Nyati mmoja alitutazama kwa dharau kisha akaendelea na majani yake.

Baada ya saa nzima tukasikia mngurumo ukipanda mlima. Lilikuwa gari la wagonjwa. Ndani walikuwemo Metui kwenye usukani, nesi Selina, na mama mmoja aitwaye Naisenya, uchungu umeshamkolea.

"Pandeni haraka," alisema Selina, "ila hapa kila mtu anafanya kazi. Wewe baba mrefu, shika dripu."

Mheshimiwa akapiga magoti sakafuni, akashika dripu.

"Juu zaidi, baba!"

"Dada, mimi ni Mratibu Mkuu."

"Wa nini?" aliuliza Naisenya, kati ya uchungu mmoja na mwingine.

Nilifungua jalada nimjibu. Nililipekua mpaka geti la kutokea hifadhini bila kupata jibu. Mheshimiwa naye akabadilisha mkono.

"Yeyo, mama yangu, usisukume bado," Selina alikuwa akibembeleza. "Metui, kanyaga!"

Injini ile kongwe ilishuka kona zote bila kukohoa. Dakika kumi baada ya kufika hospitali Karatu, mtoto wa kike alilia kwa sauti ambayo ingewashinda wajumbe wote. Nilijikuta natoa machozi. Mheshimiwa pia, ila hakuweza kujifuta. Mikono yote miwili ilikuwa imekufa ganzi.

Kutoka hapo alikwenda kwa Nashipai moja kwa moja, kwa miguu, kuomba injini yake ifunguliwe.

"Kwanza ifunguliwe gereji," alisema Nashipai bila kunyanyuka kwenye tairi. "Mlifunga wengi. Kufungua, fungua wewe."

Mheshimiwa akajaribu. Vidole havikutii. Basi akainama mbele ya wauza mahindi, madereva wa watalii na mama mmoja na kuku wake, akaung'ata utepe, akavuta, akaguguna fundo baada ya fundo. Fundo la saba lilipoachia, vigelegele vilipasua barabara nzima.

Katika kumbukumbu rasmi nimeandika kwamba Mheshimiwa alikata utepe, na wananchi wakamshangilia sana.