Keki ya Kuulizia Umri

Jumatatu, 19 Oktoba 1998
Profesa Genoveva anatafiti uzee na tofauti za kimaisha katika nchi za Ulaya. Anataka msaidizi mmoja wa kwenda naye mkutanoni Vienna. Tuko wawili: mimi na Dakarai, Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili darasani na sasa ananisahihishia changu. Mimi, Nassor, mtoto wa Mombasa! Kazi yenyewe: kuwahoji Wazungu waliohamia huku Marekani kutoka Ulaya, kwenye nyumba ya wazee ya Annandale. Mwenye mahojiano bora ndiye msafiri. Vienna ni yangu.

Jumatano, 21 Oktoba
Nimewateka! Nimewapelekea kaimati za dada yangu Fathiya, nimewaamkia mmoja mmoja, nimekunywa chai mpaka basi. Bibi wa Kireno kaniambia kufua nguo za watu kumemvunja mgongo, na pensheni haifiki hata kwenye dawa. Mzee wa Kiswidi kasema kwao serikali inamlea kama yai. Utafiti ndio huo! Dakarai kaambulia majibu makavu.

Alhamisi, 22 Oktoba
Balaa. Profesa kauliza umri wao uko wapi. Utafiti wa uzee bila umri! Nimemweleza kwamba nimelelewa; mkubwa haulizwi miaka yake. Kanipa mpaka Jumamosi. Dakarai kasema eti niulize tu. Hana adabu huyu.
Sikati tamaa. Keki! Kila mzee achomeke mishumaa ya miaka yake, mimi nihesabu kimya kimya.

Jumamosi, 24 Oktoba
Bibi wa Kireno kachomeka mishumaa michache, ya umri wa mwari. Mzee wa Kiswidi kamaliza boksi, kaomba jingine. Kuwasha tu, kengele ya moto hiyo! Wazee wote nje na mablanketi yao. Zimamoto wakapita wakimuuliza kila mmoja jina na umri, nao wakijibu kwa sauti, tena kwa maringo. Mimi niko ndani napambana na keki. Dakarai, aliyekuja kumalizia maswali yake, kasimama pale nje anaandika tu.

Jumatatu, 26 Oktoba
Dakarai anakwenda Vienna. Nimeumia, sifichi. Bibi wa Kireno kapiga simu kunipoza. Kasema ana miaka themanini na mbili, na ningemuuliza angeniambia siku ile ile ya kwanza. Maskini, uzee unamchanganya.
Nasikia Profesa Genoveva yu karibu kustaafu, na kiti chake kitakuwa wazi. Inategemea ana miaka mingapi. Nimuulize? Astaghfirullah! Fathiya keshaweka keki kwenye oveni.