Ushuhuda Uliotangulia Mbio

Jumatatu, 4 Machi

Mazoezi ya alfajiri na Wakimbiaji wa Imani. Mchungaji alituombea, tukatoka nduki. Nilikimbia kwa moyo wote mpaka kona ya kwanza, nikafungua duka langu la ushonaji, nikalala juu ya sare za kwaya. Waliporudi nilijimwagia maji kifuani, nikajiunga nao nikihema. Mchungaji akasema anaiona bidii yangu. Asante, Yesu!

Habari kubwa: Jumapili mmoja wetu ataitwa mbele kushuhudia jinsi Mungu alivyomtia nguvu kwenye marathoni ya Jumamosi. Lazima niwe mimi! Mke wangu ndiye kiongozi wa kina mama wa maombi, nami tangu nioe najulikana kama mume wa Mama Maombi, basi. Sijawahi kuitwa mbele kwa lolote, isipokuwa siku nilipoegesha baiskeli mlangoni. Nataka anitazame, mara moja tu, kama anavyowatazama wahubiri wageni.

Tatizo ni Bucha. Anauza nyama mkabala na duka langu, ananizidi sauti kwenye besi ya kwaya, na anakimbia kweli. Mtu wa ajabu.

Jumatano, 6 Machi

Nimeufanyia mazoezi ushuhuda mbele ya kioo cha wateja. Mtamu mno! Nakata tamaa njiani, naanguka, malaika mwenye mavazi meupe ananiinua. Hapo nalia. Mteja aliyeleta suruali ipunguzwe alilia pia, kisha akauliza marathoni hiyo ilikuwa lini. Nikamwambia Jumamosi inayokuja. Akachukua suruali yake, akaondoka.

Mbio zenyewe nimezipanga na shemeji, mdogo wa mke wangu, mwenye pikipiki. Atanisubiri nyuma ya kiwanda cha mikate, anipitishe uchochoroni, anishushe karibu na mwisho. Aliuliza kama si dhambi. Nikamuuliza pikipiki alipewa na nani kama si Mungu.

Jioni nikawaomba kina mama waniombee, hasa pale kiwanda cha mikate, ambapo nguvu huniishia. Nilitaka wauone unyenyekevu wangu. Mke wangu akanishika mkono mbele ya watu wote. Nilijisikia vibaya, lakini si kwa muda mrefu.

Jumamosi, 9 Machi

Balaa! Kina mama wamegawana barabara! Kila kona mama mmoja, kitambaa cheupe kichwani, ananiimbia na kunipigia makofi. Pa kuchepukia hakuna. Nikajipa moyo kwamba pikipiki ipo. Nikafika kiwandani ulimi nje. Shemeji yupo. Na nyuma yake, juu ya pikipiki, amekaa mama mkwe! Alitaka aletwe hapo kwa sababu mkwe wake alisema ndipo nguvu zinapomwishia. Shemeji alikuwa akikagua tairi. Mama mkwe akaniwekea mkono kichwani, akaomba nifike kwa miguu yangu mwenyewe. Hayo ya miguu aliyarudia.

Basi nikakimbia. Kisha nikatembea. Kisha sijui niite nini. Baada ya mama wa mwisho barabara ilikuwa tupu, hakuna wa kumwonyesha chochote, nami nikaomba. Nilisema tu: Bwana, nifikishe kwenye ile nguzo ya umeme. Akanifikisha. Nikaomba nguzo nyingine. Nililia, na niliogopa kidogo, maana nilijua kabisa kwamba siko peke yangu.

Kwenye mlima msuli wa mguu ukakaza. Nikaomba nguvu, nikaletewa Bucha! Alishamaliza zamani, medali shingoni, amerudi amevaa kandambili kunitafuta. Akanishika kiunoni, akaimba besi njia nzima, ikabidi nami niimbe. Anaimba vizuri sana, na hilo linaniuma.

Tulipofika, turubai la mstari wa mwisho lilikuwa limeshakunjwa. Mke wangu alisimama hapo na chupa ya maji. Akanitazama. Wahubiri wageni hawajawahi kutazamwa vile!

Jumapili, 10 Machi

Mchungaji alimwita Bucha. Bucha akasema ushuhuda uko kwangu. Nikapanda kwa kushikilia viti. Nilitaka kueleza zile nguzo za umeme, Mungu anajua. Kufungua mdomo, akatoka malaika! Mavazi meupe, mabawa, kila kitu. Mama mkwe akasimama katikati ya Amina, akasema malaika huyo ni yeye, alikuja kwa pikipiki, na shemeji ameshamweleza ilikuwa ya kazi gani. Kanisa lilicheka mpaka mpiga kinanda akaegemea kinanda. Mke wangu alificha uso kwenye leso. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka kuliko wote.

Nyumbani alinikanda miguu kwa maji ya moto, akataka nimwambie ilivyokuwa kweli. Nikamsimulia, nguzo kwa nguzo. Akalia, nikalia. Akasema huo ndio ushuhuda. Nimeapa sitaigiza tena mbele za Mungu.

Jumatatu, 11 Machi

Mchungaji ametangaza juma la kufunga na kuomba, kuanzia kesho. Mmoja wetu atashuhudia! Bucha amejiandikisha. Muuza nyama, afunge!

Nimefunga duka mapema, nikasimama mbele ya kioo. Ushuhuda unakwenda vizuri. Natetemeka kwa njaa, mkate uko mezani, nausukuma mbali. Hapo nalia. Ningelia vizuri zaidi kama mdomo usingekuwa umejaa mkate. Shemeji amekubali kuniletea mwingine kila adhuhuri, kwa mlango wa nyuma.

Nimewaomba kina mama waniombee. Hasa adhuhuri.