Mboga ya Kina Pauline

Jumatatu, 4 Agosti 2025. Kitale.

Kuanzia leo nyama basi. Nimeapa!

Ilikuwa hivi. Pauline, mwenye duka la viungo lililo mkabala na duka langu la kinyozi, hufundisha Ayurveda jioni nyuma ya duka. Ni utaratibu wa maisha kutoka Uhindi: huli nyama, unakunywa maji moto asubuhi, unalala mapema, unajifunza kupumua. (Mimi nilidhani kupumua nilishafuzu zamani.) Sikuenda kwa ajili ya pumzi. Nilienda kwa ajili ya Pauline, ambaye nampenda hadi namkata mteja nywele upande mmoja tu nikichungulia dirishani.

Tatizo ni Kipkosgei. Huyo humletea Pauline maziwa na samli, na hukaa mkeka wa mbele kama aliyezaliwa juu yake. Leo Pauline aliuliza nani tayari ameacha nyama. Kipkosgei akainua mkono. Mimi nikainua miwili. Pauline akashangaa, akauliza tangu lini. Nikasema tangu tumboni mwa mama.

Alifurahi huyo! Akasema hawezi kuolewa na mla nyama, na kwamba Jumamosi atanipeleka kwao Matulo wazazi wanione. Kipkosgei aliuma mdomo. Mimi natembea juu ya mawingu.

Jumanne, 5 Agosti.

Njaa.

Asubuhi nimekwangua ulimi kwa kijiko kama nilivyofundishwa. Nikanywa maji moto. Mchana ndengu na wali wenye manjano, nikala kimya, natafuna pole pole. Pauline alinipima mshipa wa mkono akasema mimi ni Pitta. Nikamwambia hapana, mimi ni Nyongesa. Kumbe Pitta ni watu wa moto mwilini, wenye hasira na hamu kubwa ya chakula. Hapo hakukosea.

Saa tisa sikio la mteja lilianza kunitamanisha. Nikaona nisije nikafungwa bure. Nikafunga duka, nikapanda bodaboda hadi Moi's Bridge, ambako hakuna anayenijua. Nikaagiza mbavu za mbuzi. Nikageuka kutafuta kiti.

Kipkosgei! Mdomo unang'aa mafuta, mfupa mkononi!

Tulitazamana. Akasema amekuja kuangalia bei ya mahindi. Nikamwambia hata mimi. Tukaketi meza moja tukaangalia bei mpaka sahani zote mbili zikaisha. Tukaapiana kwamba hakuna aliyemwona mwenzake. Jamaa si mbaya, akishiba.

Alhamisi, 7 Agosti.

Nilifikiria usiku kucha. Kiapo kati yangu na Kipkosgei ni kitu hatari, maana yeye anaweza kukivunja kwanza. Heri nikivunje mimi. Nikaenda kwa Pauline nikiwa na uso wa huzuni, nikamwambia inaniuma kusema, lakini Kipkosgei alionekana Moi's Bridge na mbavu za mbuzi.

Pauline akauliza nani alimwona. Nikasema mimi. Akauliza nilikuwa natafuta nini kwenye hoteli ya nyama choma. Nikasema nilikuwa nawahubiria wapishi habari za ndengu.

Alinitazama sana. Kisha akaendelea kupima bizari. Nadhani aliguswa.

Jumamosi, 9 Agosti. Matulo.

Naandika nikiwa nimelala chali, kwa sababu siwezi kukaa.

Pauline alikuwa amempigia mamake, Mama Edinah, simu mapema, akamwambia mgeni anakula mboga tu. Basi! Mimi Mbukusu mzima nilisahau, na Pauline kwa kuishi mno na vitabu vya Wahindi alisahau pia, kwamba huku kwetu mboga ni kitu chochote kinachoteremsha ugali. Kuku ni mboga. Matumbo ni mboga. Mama Edinah alielewa kwamba mgeni hali ugali, anakula mboga peke yake.

Meza ilijaa. Kuku wawili! Matumbo! Samaki! Omena! Hakuna ugali, hakuna hata jani. Mama Edinah akaomba radhi, akasema hajawahi kuona mwanamume asiyekula ugali, lakini mgeni ni mgeni, wameuondoa wote nisichukizwe. Pauline alijifunika uso kwa leso.

Mzee Wanyonyi, babake, ndiye aliyenimaliza. Alichukua firigisi akaiweka kwenye sahani yangu. "Kura, kijana," akasema, maana "kula" kwake ni "kura". "Kura! Mboga si ndiyo hii?"

Firigisi hapewi mtu ovyo. Ni ya mwenye nyumba, na akikupa wewe amekukubali kuwa mkwe. Ukiirudisha umemrudishia na binti. Lakini binti mwenyewe yuko hapo kushoto, na hataki mla nyama.

Nikapata akili. Nikasema katika Ayurveda tunafumba macho na kushukuru kabla ya kula. Wote wakafumba. Nikaitupa firigisi mdomoni nzima nzima! Mzee ataona imeliwa. Pauline nitamwonyesha mfuko, adhani nimeificha. Hesabu safi kabisa.

Ila firigisi ya kuku wa kienyeji haitafuniki haraka. Mzee akasubiri niseme amina. Nikasema mmm. Akasema sema vizuri. Nikajaribu. Ikanikaba! Mzee akanipiga mgongoni kofi la mtu aliyelima miwa maisha yake yote, na firigisi ikaruka, ikatua kwenye glasi ya maji ya Pauline.

Pauline akainua glasi, akaichungulia.

Kisha akacheka. Alicheka hadi akashuka kwenye kiti. Akasema Kipkosgei alikuja kunishtaki Jumanne ile ile, hata kabla hajanawa mikono, na kwamba yeye alikuwa anangoja tu aone nitafika wapi. "Nyama naweza kuvumilia, ati nikufundishe pole pole," akasema. "Lakini uongo, Nyongesa, hapana bana. Ukinidanganya tena, usirudi hapa."

Nikaapa mbele ya wote. Machozi yalinitoka, ya kweli, si ya kukabwa. Mzee akaiopoa firigisi, akaisuuza, akanipa mara ya pili. Nikaila wazi, nikitafuna mbele ya watu. Akatangaza kwamba mkwe amekubaliwa. Mama Edinah, alipoelezwa mboga ya Pauline ni ipi, alicheka akaleta sufuria ya kunde na mrenda aliyokuwa ameificha jikoni kwa aibu, akidhani si chakula cha wageni. Pauline alikula yote. Mimi nilimsaidia kwa kuku.

Sijawahi kuwa na furaha kama hii. Sitadanganya tena maishani.

Jumapili, 10 Agosti.

Kanisani Mzee Wanyonyi, kiongozi wa kwaya, alilalamika kwamba hana mtu wa besi. Akaniuliza kama naimba. Nikasema naimba besi tangu utotoni.

Iliniponyoka tu! Na sauti yangu ni ya kifaranga, hata wateja hunitania. Wiki ijayo naimba peke yangu mbele ya ukoo mzima. Pauline amenikazia macho, akauliza ni kweli? Nikasema kweli kabisa.

Lakini nimepata njia. Kipkosgei ana besi inayotikisa madirisha. Nimempigia simu aje ajifiche nyuma ya pazia la madhabahu, aimbe, mimi nifungue mdomo tu. Amekubali bila kusita. Ameniuliza kitu kimoja tu: Mama Edinah atapika mboga gani?