Marahaba Ndefu ya Mzee Ukuta

Kahawa ya siku hiyo ilipozwa na simu ya Fredrick. Alifika kijiweni ameiinua juu kama mtu anayetafuta mtandao, akaanza kusoma kabla hajapata hata pa kukaa. Huko ng'ambo, eti, kuna mashine imecheza poka na mabingwa wa karata ikawanyoosha wote.

"Wote?" akauliza Yunisi, mwenye birika.

"Wote, dada. Wameondoka wanashika suruali tu zisianguke."

"Mashine haina uso," alisema Calist bila kuinua macho. "Utaisoma wapi? Inapiga hesabu, basi."

"Na haina wakwe," Fredrick akamjibu. "Ndiyo maana inacheza kwa raha."

Benchi zima likacheka. Calist akamvuta jogoo karibu na mguu wake.

Jogoo mwenyewe alikuwa mwekundu, mkia mweusi, amefungwa kamba kwenye benchi pale kwenye baraza ya duka la Kurji, mjini Singida. Calist alikuwa amemnunua asubuhi hiyo sokoni. Jumapili alikuwa ampeleke Sepuka kwa wazazi wa Scholastika. Barua ya posa ilishapokelewa, kilichobaki ni mwoaji kwenda kutazamwa vizuri. Jogoo alikuwa tayari. Mwoaji ndiye hakuwa tayari, kwa sababu hakuwa na koti, na fulana ya mpira haikai mbele ya wakwe hata ukiipiga pasi mara ngapi.

Koti lilikuwepo, ila lilikuwa mgongoni kwa Mzee Melkizedeki. Koti zito la reli, vifungo vya shaba. Mzee alikagua tiketi kwenye treni mpaka akastaafu, ndipo akahama Manyoni kuja kusumbua watu mjini. Kijiweni aliitwa Ukuta, maana uso wake haujawahi kumwambia mtu kitu. Fredrick aliitwa VAR, kama ile video ya waamuzi wa mpira, kwa kuamua mambo ambayo hajaulizwa. Calist alikuwa Asilimia. Huyo ukimuuliza kama mvua itanyesha, anakupa namba.

Kwenye poka ya hapo pesa ni marufuku, wanachezea punje za alizeti. Kila mtu karata tano, hakuna kubadilisha. Ukiona zako mbovu unajitoa, ukiwa na roho ngumu unapiga mkwara. Na kwa upepo wa Singida, kila mchezaji ana jiwe lake la kukandamizia karata, la sivyo mfalme wa kopa utamkuta ziwani.

"VAR, mtaji wako uko wapi?" Yunisi akauliza.

Fredrick akatema ganda la alizeti. "Nimewekeza."

"Umetafuna."

"Dada, mimi mchezo wangu ni wa ndani."

Wakabaki wawili. Mzee Ukuta alikaa kaipa barabara mgongo, akikwepa vumbi. Alikuwa haoni vya karibu, kwa hiyo kila akisoma karata zake alizinyoosha mbele mpaka mwisho wa mkono. Calist alikaa kumkabili, simu gotini, akibonyeza hesabu.

Ila Calist alikuwa na siri kubwa kuliko simu. Wiki nzima alimtazama mzee, akagundua kwamba ukuta ule una ufa mmoja, nao ni shikamoo. Uso unaweza kuuzuia usicheke, usikunje, usipepese, lakini mtu akikupa shikamoo ni lazima uitikie, hata kama una moto mkononi. Mzee akiwa na karata mbovu, akili yote iko kwenye kuzuia uso, marahaba inatoka kavu. Akiwa na nzuri, moyo umetulia, anauliza mpaka mbuzi.

Kama kwa kuitwa, Isaka wa bodaboda akapita. "Shikamoo mzee."

"Marahaba."

Fupi, kavu. Calist akasukuma punje zake zote. Karata zikafunuliwa. Mzee hakuwa na lolote, na rundo la alizeti likahamia kwa Calist.

"Hesabu hizo, wazee," alisema, akijipepea na simu.

"Hesabu au bahati?" VAR akachokoza. "Kama ni hesabu, weka jogoo."

"Jogoo wa wakwe huyu, kaka."

"Si una asilimia? Au asilimia zako ni za punje tu?"

Calist akalitazama lile koti. Akajiona Jumapili Sepuka, vifungo vinang'aa, jogoo kwapani, baba mkwe ananyanyuka mwenyewe kumletea kigoda.

"Mzee," akasema, "jogoo kwa koti."

Mzee Ukuta akanywa kahawa, akaweka kikombe chini. "Gawa, Fredrick."

Karata zikagawiwa. Calist akachungulia zake: kumi mbili, na takataka tatu. Simu ikampa asilimia sabini na kitu. Mzee akanyoosha mkono mbele, akasoma, uso haukutikisika. Akavua koti, akalikunja, akaliweka mezani juu ya alizeti zake zote.

"Unanifuata, au unajitoa?"

Calist alikazia macho mdomo wa mzee, akaomba moyoni apite mtu yeyote mwenye adabu.

Akapita. Ilikuwa sauti ya mwanamke, nyuma ya mzee. "Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu, marahaba kabisa. Habari za safari? Watoto hawajambo? Alizeti zimeitika? Na mbuzi je, wanapata majani?"

Mpaka mbuzi. Mzee hapo ana mlima mkononi. VAR akatoa shikamoo yake, Yunisi naye, Calist hana habari. Alizilaza karata zake kifudifudi, taratibu kama anayelaza mtoto.

"Nimejitoa, mzee. Jogoo ni wako."

"Jogoo yupi huyo?" sauti ile ile ikauliza.

Ndipo Calist akainua macho. Mtandio ulikuwa umefunika nusu ya uso kwa ajili ya vumbi, lakini nusu iliyobaki ilimtosha. Alikuwa Mama Felista wa Sepuka, mama yake Scholastika.

Shikamoo ilimtoka magotini. "Shikamoo mama."

Mama Felista akamtazama, akatazama jogoo, akatazama koti. "Marahaba."

"Kavu hiyo," VAR akanong'ona.

Mzee Ukuta akaingia kati, uso ule ule. "Mama, kijana alikuwa ananionyesha jogoo wa kupeleka ukweni. Nikamwambia hapo wakwe wamepata mtu."

"Na karata?"

"Zangu hizi. Ananishikia tu, kuna upepo."

Mama Felista akainama, akafungua kamba, akamweka jogoo kwapani kama wa kwake tangu kifaranga. "Basi nawapunguzia mzigo, naenda naye mwenyewe. Jumapili uje na hilo koti." Akageuka kuondoka, akasita. "Na siku nyingine usijitoe upesi hivyo. Mzee hana kitu. Nimetokea nyuma yake, karata kazinyoosha kama anasimamisha basi."

VAR akafunua karata za mzee. Mbili, tano, saba, tisa, gulamu. Hakuna hata ndugu wawili.

"Safari njema, mama," Calist akasema kwa sauti ya mgonjwa.

"Asante mwanangu, asante sana. Wasalimie nyumbani, mama yako hajambo? Miguu yake inaendeleaje? Na nyie kwenu mvua mlipata?" Akaondoka na jogoo wake.

VAR akampiga Calist begani. "Ndefu hiyo, kaka. Umepokelewa."

Calist alikuwa bado anazitazama zile karata. "Mzee, mbona na wewe uliuliza mpaka mbuzi?"

"Ile kavu ya Isaka ilikuwa chambo. Wiki nzima unanitazama mdomo kama daktari wa meno." Mzee akalisukuma koti kwa Calist. "Kijana, mimi nimetembea kwenye mabehewa maisha yangu yote. Mwenye tiketi ananipa shikamoo na kuangalia dirishani. Anayeniuliza habari za watoto ndiye hana tiketi."

Wote wakageuka kutazama barabarani, alikoelekea Mama Felista. Mkia mweusi ulikuwa unapepea kwapani mwake.

Yunisi akaanza kukusanya vikombe. "Jumapili, Asilimia, hilo koti livae. Ila chini vaa raba za kukimbilia."