Chai Isiyo na Rangi na Mashine Isiyoitikia Salamu

Phelis Mongina,
Kibanda cha Mama Phelis,
Soko la Sosiot.

Kwa Meneja wa Sauti za Wateja,
Kampuni ya Chai Rangi Saba.

Bwana Meneja,

KUH: NAMBA YENU YA KUTUSIKILIZA

Sikusalimu. Nisamehe, sikulelewa hivyo, lakini kampuni yako imetufundisha kwamba anayesalimu hasikiwi, na mimi nataka kusikiwa.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Mama yangu, Sellah, anauza chai na mandazi hapa Sosiot. Mwezi uliopita alinunua katoni mbili za majani yenu. Ukiyachemsha, maziwa yanabaki meupe kama yalivyotoka kwa ng'ombe. Wateja wanamaliza kikombe kimoja, wanashukuru kwa adabu, na kesho yake nawaona kwa Makori, ng'ambo ya barabara. Msambazaji wenu amekataa kurudisha katoni hizo hadi mama alalamike kupitia namba ya bure iliyoandikwa kwenye pakiti, ile mnayoiita "Sema Nasi, Tujenge Chai Pamoja". Malalamiko yangu ni haya:

1. Mnatupa sekunde thelathini baada ya mlio. Nani aliwaambia kwamba mtu mzima wa huku anaweza kutamka neno baya ndani ya sekunde thelathini? Mama alipiga, mimi nikamshikia simu. Alisema: "Halo, habari zenu huko? Watoto hawajambo? Huku kwetu tuko salama, tunashukuru Mungu. Mvua imeanza, ng'ombe wamepata nyasi. Mimi ni Mama Phelis, yule wa karibu na posho mill. Sasa, ndugu zangu, kuhusu hii chai yenu..." Tii! Mashine ikamshukuru kwa maoni yake mazuri. Tangu hapo amepiga karibu kila siku, na kila mara anaanza upya na salamu. Anasema huenda leo simu imepokelewa na mtu mwingine.

2. Dada aliye ndani ya mashine hana adabu. Mzee Weldon, mteja wetu mwenye shamba dogo la majani chai, alijitolea kulalamika kwa niaba ya mama. Alisalimu kwa Kikalenjin, "Chamgei!" kisha akanyamaza, kama afanyavyo yeyote aliyelelewa vizuri, akingoja kuitikiwa. Kimya. Akapaza sauti: "Chamgei!" Kimya. Akatugeukia. "Huyu msichana ni wa nani? Mwambieni babake nimemsalimu mara mbili." Tii! Sasa Mzee Weldon amekosana na kampuni yenu, na sababu yake si chai tena.

3. Baada ya kukataa kutusikiliza, mmetutangaza. Nilikuwa napiga mswaki niliposikia redio ya jirani ikitoa salamu zote za mama kwa sauti yake mwenyewe, watoto, mvua, nyasi za ng'ombe, na "Huku kwetu tuko salama, tunashukuru Mungu." Ukafuata muziki, kisha mwanamume mwenye sauti nzito akamalizia: "Rangi Saba. Wateja wetu wako salama!" Bwana Meneja, mimi si mtu wa kuongea. Nilichagua kiti cha mwisho maktabani ili nisisemeshwe. Sasa Benard wa darasa letu hunipokea langoni: "Watoto hawajambo?" Hata mpishi wa shule ananiuliza kama ng'ombe wamepata nyasi.

4. Mmetualika kupiga kura kwa simu ili tuchague kama pakiti mpya iwe nyekundu au kijani. Sisi tunaishi mahali ambapo majani chai yamefika hadi ukutani mwa choo. Watu wetu wanayachuma na kuyabeba mgongoni, yanaondoka mabichi, yanarudi vumbi ndani ya pakiti, halafu mnaomba maoni yetu kuhusu karatasi. Nyekundu ilishinda. Hongereni, angalau sasa rangi iko mahali fulani.

5. Jumamosi mmemtumia mama ujumbe kwamba yeye ndiye Mshiriki Bora wa Mwezi, kwa kuwa hakuna mteja aliyewapigia mara nyingi kama yeye. Kumbe mtu akibisha mlango usiofunguliwa, nyinyi mko ndani mnahesabu anavyobisha ili mumpe zawadi. Na zawadi yenyewe ni katoni moja zaidi.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, dada wa mashine aletwe kwa mama wiki moja afunzwe kuitikia. Pili, sekunde zianze kuhesabiwa salamu zikiisha, na mwenye kusalimu ndiye aamue zimeisha lini. Tatu, na hili ndilo kubwa, ondoeni mashine kabisa, mtume mtu. Mtu mwenye masikio, akae kwenye benchi letu. Mama akipata mtu na nafasi, atamweleza ukweli wote, na mtajuta kwamba hamkumsikiliza mapema. Tatizo halijawahi kuwa mama. Tatizo ni mashine.

Nisalimie wenzako wote ofisini, msambazaji, yule mwenye sauti nzito, na jamaa zako nyumbani. Msalimie pia dada wa mashine, ingawa najua hataitikia.

Ni mimi, kwa heshima iliyosalia,
Phelis Mongina.

Tanbihi: Kabla sijaituma barua hii, mtu wenu amekuja mwenyewe. Ni kijana anayeitwa Oyugi, ameleta katoni ya zawadi. Mvua ikamzuia kwenye benchi letu alasiri nzima. Mama alimwuliza habari za kwao, za mgongo wa mamake, za barabara. Kisha akanituma kwa Makori nikaazime majani, ili mgeni asinywe chai mbaya. Oyugi alionja akafurahi: "Mnaona? Hii ndiyo Rangi Saba!" Mzee Weldon alimsalimu, akaitikiwa, akatangaza kwamba kampuni imesamehewa. Mvua ilipokatika Oyugi akauliza, "Lakini, Mama, chai yetu mnaionaje?" Mama akajibu, "Ni nzuri tu, mwanangu. Wasalimie huko."

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na barua hii mkononi. Oyugi aliniona, akauliza kama nina neno. Nikamwuliza kama anaongeza sukari.

Katoni sasa ni tatu. Tafadhali futa ombi la tatu. Mashine ibaki. Hiyo angalau hatujawahi kuipikia chai.