Vidonge vya Mwalimu

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimegundua jambo zito. Nilikaa kwenye kochi la sebuleni, kochi nililolishona mwenyewe, nikasikia kitu kigumu ndani ya mto. Mtu mwingine angesogea tu. Mimi ni fundi makochi, makalio yangu yamesomea. Nikafungua zipu. Chupa ya vidonge! Vyeupe, vidogo. Karatasi ya jina imebanduliwa.

Si vyangu. Watoto wako bweni. Amebaki mke wangu, Mwalimu. Anafundisha hesabu, na hata mimi humwita hivyo, hasa nikiwa na kosa.

Mbona kavificha? Sikumwuliza. Kuuliza ni kwa watu wasio na akili. Nimechomoa kidonge kimoja, nikairudisha chupa, nikapiga mluzi. Akataka kujua nina nini. Nikasema sina kitu. Hajashuku chochote.

Jumanne, 4 Machi
Nimempelekea mfamasia wa kona kile kidonge. Nikamwambia nimekiokota njiani, nataka kujua ni cha nini. Akasema yeye hapigi ramli, nikitupe. Nikabadili: ni cha rafiki yangu. Akasema rafiki aje mwenyewe. Nikabadili tena: ni changu, ila nimesahau naumwa nini. Akawaita wenzake waje kunitazama. Nimetoka na heshima yangu yote.

Nikapita kwa Mjuaji, kaka yake Mwalimu. Ni kinyozi. Shemeji huyu hajawahi kujua kitu akanyamaza. Hata mvua ikinyesha, atakwambia alikuwa na habari zake. Nikamwuliza, kwa ujanja, dada yake anaendeleaje. Akasema vizuri, kisha akawasha mashine ya kunyolea.

Neno moja! Mjuaji! Basi anajua. Yeye anajua, mimi sijui, na ni mimi niliyeoa. Hilo limeniuma kuliko vidonge vyenyewe.

Jumatano, 5 Machi
Utamu wa ngoma uingie ucheze. Nimekimeza.

Nilikuwa na kochi la kupeleka kwa mteja mpya, mama mmoja mwenye zulia jeupe. Kufika tu, haja ndogo. Nikaomba choo. Kochi halijashuka garini, nikaomba tena. Baadaye sikuomba, njia nilishaijua. Mama akauliza kama nimeleta kochi au nimekuja kukagua mabomba. Hadi jioni nilikuwa nimekamuliwa kama kitambaa cha deki.

Basi nimeelewa. Ni vidonge vya kumtoa mtu maji. Mke anataka kupungua. Apungue kwa ajili ya nani? Mimi sijalalamika! Na siku hizi hatii chumvi kwenye mboga. Tena jioni anatembea, kavaa raba. Ushahidi umekamilika. Kuna mwanamume. Tena mwembamba.

Alhamisi, 6 Machi
Mwalimu kasema atachelewa, ana kikao. Kikao! Nikafunga karakana mapema, nikavaa koti la marehemu baba na miwani ya jua, nikamvizia nje ya shule na kumfuata. Hakugeuka hata mara moja. Kazi hii ningeajiriwa.

Akaingia kliniki. Nami ndani. Nikakaa nyuma ya mzee mmoja mnene, nikajifunika gazeti. Muuguzi akawa anapita kupima kila aliyekaa. Akaufunga mkono wangu kwa ile mashine ya kubana. Akatazama namba, akanitazama mimi, akapima tena. Akasema presha yangu iko juu sana, kwani nimetoka kukimbia? Nikamnong'oneza kwamba hapana, nampeleleza mke wangu.

Mnong'ono wangu, nimeshaambiwa, una matatizo. Foleni nzima iligeuka. Mwalimu pia.

Hakufoka. Bora angefoka. Alikuja akaketi kando yangu, akasema ana presha, na vidonge ni vya hiyo. Nikamwuliza kwa nini anifiche mimi, mumewe.

“Mama alipopata kiharusi nilikwambia wewe peke yako,” akasema. “Kesho yake muuza maji akanipa pole. Mume wangu, naogopa. Naogopa kuanguka kama mama. Nilitaka niogope bila mtaa mzima kunitazama.”

Nikamshika mkono, nikaona aibu ya lile koti. Siku zote hizo amekuwa akiogopa peke yake, hatua mbili kutoka kwangu, na mimi nahesabu wanaume wembamba. Nikamwapia kwamba siri hii nitakufa nayo.

“Usife nayo,” akasema. “Nyamaza nayo tu.”

Jumamosi, 8 Machi
Nyumba ina amani. Chupa sasa iko mezani, kweupe. Jioni tumetembea pamoja, akanishika mkono mbele za watu. Nimejisikia mume wa kweli.

Muuguzi alitaka nirudi kupimwa. Sirudi. Mashine yao mbovu.

Mjuaji kaja, kaniambia eti nichunge mdomo. Mimi! Kumbe yeye aliambiwa tangu zamani. Sawa. Tutaona nani anaijua kazi ya kutunza siri.

Jumatatu, 10 Machi
Nimewaza: tulionekana kliniki. Maneno yanaweza kuzuka wakati wowote. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nikatoka asubuhi kuuziba.

Nikamwambia muuza maji kwamba mke wangu hana presha. Fundi viatu pia: hana presha. Mama wa zulia jeupe nilimpigia simu. Langoni pa shule nikamkuta mwalimu mkuu, nikamhakikishia kwamba mke wangu hana presha hata chembe, na vile vidonge ni vya kawaida tu. Wote walishangaa. Hawakuwa wamesikia lolote. Niliwahi!

Jioni Mwalimu karudi, uso umemshuka. Kapewa pole na muuza maji. Kapewa pole na fundi viatu. Mwalimu mkuu kampa likizo asiyoiomba. Darasa zima limesimama kumtakia afya njema. Akavaa raba zake, akatoka peke yake.

Roho imeniuma kwa ajili yake. Kuna mtu katoboa siri! Tuliokuwa tunajua ni watatu tu: yeye, mimi na Mjuaji. Yeye hawezi kujitangaza. Mimi nimekanusha mtaa mzima, na mashahidi ninao.

Kesho nakwenda kunyolewa. Safari hii Mjuaji atasema.