Watoto Wetu Wamevuka Lengo la Sukari

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Kamati hiyo, Naibu wake aliyetuma udhuru, mwakilishi aliyeuleta udhuru huo, dada muuguzi, wazazi, na ninyi watoto wetu wenye kisukari cha aina ya kwanza mlioketi sakafuni kwa kuwa viti vimekaliwa na itifaki: hamjambo! (Hatujambo!)

Mwaka jana, kwa maono yangu binafsi, idara yangu ya afya ilizindua Mkakati Jumuishi na Shirikishi wa Mashine za Kupimia Sukari, mashine moja kwa kila mtoto, ikaweka na lengo: sukari ya damu iwe kati ya nne na kumi. Wapo walionong'ona kwamba sitaweza. Leo nasimama kifua mbele kutangaza kuwa asilimia sitini na moja ya watoto waliopimwa kliniki hawakuridhika kulifikia lengo, bali wamelivuka! (Muuguzi anashika kichwa.) Binti wa fundi cherehani, yule pale mwenye soksi nyekundu, juzi kapimwa hospitalini, kapata kumi na tisa! Kumi na tisa, ndugu zangu, na lengo lilikuwa kumi! Makofi! (Kamati inapiga makofi. Binti: "Lakini nilitapika mpaka nikalazwa!") Mnaona? Mtaka cha uvunguni sharti ainame!

Na ninyi mnaong'ang'ania sita na saba, kila kliniki sita na saba, nawaambia kwa upendo wa mzazi: ongezeni bidii! (Muuguzi: "Mheshimiwa, hao ndio wanaoendelea vizuri!" Kicheko. Fundi cherehani anasimama: "Kuvuka ndiyo hatari yenyewe, baba! Mimi sina cha kumpimia mwanangu, namkisia kwa kumtazama macho tu. Niambie, hizo mashine tunazipata leo au hatuzipati?")

Swali zuri sana, mama. Nimelipokea, nitaliundia kamati, na kamati italiundia semina.

Sukari juu! (Chini!) Lengo! (Tusilivuke!) Mashine! (Ziko wapi?)

Kwa kumalizia, namshukuru mwenye turubai, namshukuru mwenye kipaza sauti, na kwa namna ya pekee namshukuru mchoraji wa idara, aliyetuchorea mashine zote mia tano kwenye bango lile, maana bila yeye zisingeonekana popote. Mama mwenye swali, sogea upige nazo picha.